Shajara ya mradi: mada zipi ziingie kwenye mjadala wa historia ya jamii ndogo, Pwani ya Kenya

Kikundi hiki hukutana kwa zamu Kwale na Kilifi. Wengi wa wanachama ni Wamakonde, Wapemba na wazao wa Wamisheni (watu waliokombolewa utumwani na kuwekwa kwenye misheni) wa Kisauni na Rabai, pamoja na majirani zao Wadigo, Wagiriama na Waswahili. Shajara haielezi yaliyojadiliwa. Inaeleza kazi moja tu iliyotangulia mjadala: kuamua mada gani ipewe kikao, ipi isubiri na ipi ikataliwe, na kwa sababu gani. Kila hatua iliandikwa ilipomalizika. Hatua za kawaida, kama kutafuta mahali na kuwaarifu wazee wa mtaa, zimepitwa haraka.

Januari 2024: kupanga kwa orodha ya makabila

Mpango wa kwanza ulikuwa kuipa kila jamii kikao chake kwa kufuata jinsi serikali ilivyozitambua. Wamakonde wangetangulia, maana walihesabiwa kabila la 43 baada ya matembezi yao kutoka Kwale kwenda Nairobi mwezi Oktoba 2016. Wangefuata Wahindi wa Kenya, waliotangazwa kabila la 44 Julai 2017, kisha Washona, na mwisho Wapemba, ambao utambuzi wao uliadhimishwa Kilifi Julai 2023.

Mpango ulivunjika mapema, na sababu zake zinafaa kujulikana na yeyote anayetaka kuanza hivyo. Ya kwanza ni kwamba orodha ya serikali yenyewe ndiyo jambo linalohitaji kuelezwa. Aliyekata mkonge Kwale miaka ya 1940 alikuwa Mmakonde siku ile kama mjukuu wake alivyokuwa Mmakonde Februari 2017, vitambulisho vilipoanza kutolewa. Ukipanga mada kwa namba za utambuzi, umempa msajili kazi ya mwanahistoria.

Ya pili, zipo jamii zisizo na namba wala jina la kabila. Wazao wa Wamisheni wametokana na watu waliookolewa na manowari za Waingereza kutoka majahazi ya watumwa, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, wakawekwa Frere Town, kijiji cha misheni huko Kisauni, kuanzia 1875. Kwenye orodha hawamo. Mombasa kuna pia Wabulushi na Wangazija. Mpango uliowaacha nje watu hawa haukustahili kuitwa wa jamii ndogo.

Ya tatu ilionekana kikaoni. Jamii ikipewa siku yake peke yake, kikao hugeuka kuwa sherehe: wageni hukaa kimya kwa adabu, wenyeji husifu, na hakuna anayeuliza swali. Mdigo aliyekua jirani na kijiji cha Wamakonde ana kumbukumbu ambazo Wamakonde wenyewe hawana, lakini siku hiyo anajiona mgeni na hafungui kinywa.

Marekebisho: mada isiitwe kwa jina la jamii. Iitwe kwa tukio, mahali au kazi iliyowakutanisha watu: shamba la mkonge, bandari, misheni, dago (kambi ya msimu) la wavuvi, foleni ya kitambulisho. Hapo jamii mbili au tatu huwa na la kusema juu ya jambo moja, na kusahihishana huja bila kuombwa.

Machi 2024: mpaka wa 12 Desemba 1963

Ili kukaa mbali na ugomvi wa leo, ilikubaliwa kila mada ikome siku ya uhuru. Kanuni hii inavutia kwa wepesi wake, na ndiyo iliyoleta madhara makubwa kuliko zote. Tunaieleza kwa urefu.

Tarehe 12 Desemba 1963 imeandikwa ndani ya sheria. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 kilimruhusu mtu asiye na uraia wa nchi yoyote aombe kusajiliwa kuwa raia ikiwa ameishi Kenya mfululizo tangu siku hiyo, anajua Kiswahili au lugha ya wenyeji, na anakusudia kuendelea kuishi nchini. Mlango huo ulifunguliwa kwa miaka 5, ukaongezwa 3. Kwa hiyo ukiweka tarehe hiyo iwe mpaka wa mjadala mbele ya watu waliohangaika nusu ya umri wao bila kitambulisho, swali wanalolisikia ni lile la afisa: “Ulifika lini?” Masimulizi yote yakaanza kuelekea upande mmoja. Kila babu alikuwa amefika kabla, na hakuna aliyewahi kuondoka hata mara moja.

Msimulizi hana kosa hapo. Swali ndilo lililomsukuma. Historia ya mvuvi wa Pemba ni historia ya kwenda na kurudi. Huvuka na upepo wa kaskazi, hupiga dago Shimoni, Vanga au Kilifi kwa msimu mzima, hurudi kisiwani kwa mavuno ya karafuu au kwa harusi, kisha huvuka tena. Wapo waliohamia moja kwa moja tangu miaka ya 1930, na wapo waliokuja na familia zao baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Kwa mwanahistoria, kule kuvuka na kurudi ndiyo habari yenyewe. Kwa afisa wa usajili, kila safari ya kurudi ni ufa katika neno “mfululizo”.

Upande wa Wamakonde hatari ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Ukitaka kueleza kwa nini watu waliondoka kaskazini mwa Msumbiji, huwezi kuruka utawala wa Kampuni ya Niassa, ulioisha 1929, wala kazi za shuruti zilizoendelea chini ya Wareno, wala pamba ya lazima kuanzia 1938. Lakini mtu akisimama hadharani na kusema “kwetu ni Msumbiji”, huenda akaambiwa siku ya pili aende akatafute karatasi huko. Maneno yale yale yanayomrudishia mtu ukoo wake yanaweza kumnyima kitambulisho.

Mpaka huo ulitupa pia mambo makubwa yaliyokuja baadaye: kuanguka kwa kiwanda cha sukari cha Ramisi mwaka 1988, kulikowaacha wafanyakazi wa mashamba bila kazi na wengine bila makao, na matembezi yenyewe ya 2016.

Marekebisho yalikuwa mawili. Kwanza, kila mada iwe na mwaka wake wa kuanza na wa kukoma, kufuatana na jambo linalozungumzwa. Tarehe ya 1963 isitumike kama mpaka ila pale inapokuwa ndiyo mada yenyewe. Pili, katika kumbukumbu za kikao, safari na uhamisho viandikwe kwa kundi na eneo (“wavuvi wa dago la Shimoni”), visiandikwe kwa jina la mtu wala la familia. Madaftari ya vikao vya kwanza yalipitiwa upya na kurasa zenye majina zikakabidhiwa wenye majina yao.

Mei 2024: “siasa hapana”

Kanuni ya tatu iliandikwa kwa maneno manne: hakuna mada ya siasa. Ilishindwa kwa sababu hakuna aliyejua siasa inaanzia wapi. Mwenyekiti mmoja alizuia swali kuhusu mashamba. Mwingine, kikao kilichofuata, akaruhusu lile lile. Na Pwani, ukiondoa ardhi kwenye historia, hubaki vyakula na ngoma.

Chukua Sheria ya Hatimiliki ya 1908. Ilitaka kila anayedai ardhi ndani ya ukanda wa pwani apeleke dai lake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Waliokuwa na hati, wakili na mtu wa kuwasomea matangazo walitangulia. Kijiji kilichokuwa na makaburi na minazi tu hakikuwa na cha kuonyesha. Leo uskwota (kuishi kwenye ardhi bila hati) wa Kwale na Kilifi hauelezeki bila sheria hiyo, na Wamakonde na Wapemba wameingia katika uskwota huo huo pamoja na wenyeji wao. Mada kama hii ikizuiwa, kikundi hakina kazi.

Kilichofanya kazi ni kipimo chembamba kuliko neno “siasa”. Mada haiingii ikiwa inamhusu mtu au kiwanja kilicho mahakamani sasa hivi, kinachopimwa na serikali sasa hivi, au kinachogombewa katika uchaguzi unaokaribia. Sheria au tukio lililozaa mgogoro huo linaingia. “Shamba lile ni la nani?” hapana. “Madai ya 1908 yaliendeshwaje hapa, nani aliitwa na nani hakuitwa?” ndiyo. Katibu hulazimika kuuliza jambo moja tu, iwapo kuna kesi au upimaji unaoendelea, na jibu lake ni ndiyo au la. Mwenyekiti yeyote anaweza kukitumia na kufikia uamuzi ule ule.

Kwa ukanda wa pwani wa maili kumi, uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, kipimo kilisaidia hivi. Mkataba wa 1895, uliouweka ukanda chini ya ulinzi wa Waingereza huku bendera ikibaki ya Sultani, na makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyouunganisha na Kenya, vilipewa kikao. Swali la kama ukanda ungejitenga leo halikupewa. Walioudhika walikuwepo. Walielezwa kipimo, wakaulizwa wangependa kujua nini kuhusu 1963, na swali walilotoa likawa bora kuliko la katibu: wazee wa kijiji walisomewa nini kuhusu makubaliano hayo, na kwa lugha gani?

Julai 2024: fomu ya mada

Hadi hapa mada zilikuwa zikitajwa kwa mdomo mwisho wa kikao na kupigiwa kura kwa mikono. Anayesema sana hushinda. Ilitengenezwa fomu ya nusu karatasi ya A4, ili karatasi moja ya fotokopi ya shilingi 10 itoe fomu mbili. Ina mistari sita:

Swali, likiwa na alama ya kuuliza mwishoni.
Mahali, kwa jina la kijiji, shamba au bandari.
Miaka, wa kuanza na wa kukoma.
Nani wa jamii yenyewe atazungumza, na nani wa jamii jirani.
Nini kitaletwa mezani: hati, picha, chombo cha kazi, wimbo, kaburi la kutembelewa.
Nani anaweza kuumia mada hii ikijadiliwa, na kwa vipi.

Mstari wa kwanza ulifanya kazi kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Mada isiyoweza kuandikwa kama swali mara nyingi ni dai. “Sisi ndio wa kwanza kufika Shimoni” haina alama ya kuuliza. Ukilazimishwa kuigeuza, inakuwa “Nani walikuwa wakivua Shimoni kati ya 1930 na 1964, na walikuwa wakigawana vipi maji?” Hilo lina watu wengi wa kulijibu, na hakuna anayehitaji kumshinda mwenzake.

Mfano mwingine wa kugeuza. Pendekezo lilifika likisema “Asili ya Wamakonde”. Ni pana mno, na kikao kingeishia Uwanda wa Makonde bila kufika Kwale. Likapunguzwa: “Wakata mkonge na miwa kutoka kaskazini mwa Msumbiji walifika Kwale kwa njia gani, 1930 hadi 1960?” Sasa kuna kitu cha kushika: kuvuka mto Ruvuma, mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kazi ya mkataba, nani aliandikisha watu na kwa malipo gani. Mauaji ya Mueda, Msumbiji, ya 16 Juni 1960 na vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964 havikutupwa. Viliwekwa kwenye mada nyingine: habari za nyumbani ziliwafikiaje waliokuwa Kenya? Kanuni tuliyoipata hapo ni kwamba historia ya nchi ya nyuma inaingia kwa kadiri inavyogusa kuondoka, safari, mapokezi au mawasiliano. Vita vyenyewe, vikiwa peke yake, vina wenyewe wanaovijua zaidi.

Mapinduzi ya Zanzibar yalihitaji ukali huo huo. Mara ya kwanza yaliingia kama “Mapinduzi ya 1964” na kikao kikawa ubishi wa vyama vya Unguja na Pemba, wanachama wa Kwale wakitazama tu. Yaliporudi kwa swali “Waliovuka kuja Vanga na Shimoni baada ya Januari 1964 walipokewa na nani, na waliandikishwa wapi?” ubishi ulikwisha. Wadigo wa Vanga walikuwa na mengi ya kusema kuliko mtu yeyote.

Kasoro za fomu zilizojitokeza ni hizi. Wasioandika walijiona wametengwa, kwa hiyo sasa katibu huwajazia kwa kuwauliza mstari kwa mstari, kisha huwasomea alichoandika kabla hawajaondoka. Mstari wa tano ulileta hatari ambayo haikufikiriwa: watu walikuja na karatasi za asili, kipande (kitambulisho cha kazi) cha enzi ya mkoloni, stakabadhi za kodi ya kichwa, vyeti vya ubatizo, na zikaanza kupita mkono kwa mkono juu ya chai. Utaratibu wa sasa ni kwamba hati hubaki mkononi mwa mwenyewe au mezani mbele yake, hupigwa picha kwa simu kwenye kivuli chenye mwanga bila kuwasha taa ya simu, na mwenyewe huondoka nayo. Bahasha ya kahawia ni bora kuliko mfuko wa nailoni, maana hewa yetu ya chumvi na unyevu ikifungiwa ndani ya nailoni huleta ukungu. Na tafadhali msiipeleke hati ya zamani dukani kwa fotokopi kuzibwa kwa plastiki ya moto. Plastiki hiyo haitoki tena bila kuirarua karatasi, na mhuri au wino uliofifia huweza kupotea hapo hapo.

Fomu hupitiwa na watu watatu: mmoja wa jamii inayohusika, mmoja wa jamii jirani, na mmoja asiye na upande, mara nyingi mwalimu. Wote watatu wakikubali, mada inaingia. Mmoja akikataa, anaandika sababu nyuma ya fomu na mwenye pendekezo anapewa nafasi ya kuirekebisha. Sababu ya “haifai” peke yake haipokelewi.

Septemba 2024: utumwa

Mada hii ilijadiliwa kwa uangalifu kuliko zote, na kikao chake cha kwanza kilikatizwa. Ilipitishwa kwa jina “Utumwa Pwani”, kabla fomu haijazoeleka. Haukupita muda swali likatoka: ni koo zipi zilikuwa na watumwa? Katika chumba kimoja walikuwamo wazao wa waliokombolewa, wazao wa waliotoroka na wazao wa waliomiliki. Pwani hii neno “mtumwa” bado huzuia ndoa. Mtu akitajwa kikaoni kuwa wa asili hiyo, jioni habari imefika kwa wachumba wa binti yake. Na anayetajwa kuwa mzao wa mmiliki naye huondoka na aibu ya jambo ambalo hakulitenda.

Lilikuwapo pendekezo la kuifuta mada kabisa. Lilikataliwa. Wamisheni hawana historia bila utumwa. Ukiwaambia wanyamaze juu ya hilo, umewatoa kikundini kwa mlango wa nyuma. Zaidi ya hayo, kumbukumbu za umma ni nyingi na zinasomeka: mkataba wa 1873 ambao Sultani Barghash alikubali kulifunga soko la Unguja, kuanzishwa kwa Frere Town 1875, watoro waliojificha Rabai na wakapata hati za uhuru mwanzoni mwa 1889, baada ya kampuni ya Waingereza ya IBEA (Imperial British East Africa) kuwalipa fidia mabwana zao, na kufutwa kwa hadhi ya utumwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Fidia hiyo pekee inatosha kikao kizima. Aliyelipwa ni bwana. Aliyetumikishwa alipata karatasi.

Kanuni zilizoandikwa baada ya hapo, na ambazo zimeshika hadi sasa:

Taasisi, sheria, meli, misheni na mashamba yaliyo katika kumbukumbu za umma hutajwa kwa jina. Ukoo hautajwi. Mtu anaweza kumtaja babu yake mwenyewe, wa kwake tu, na awe amezungumza kwanza na wakubwa wa nyumba yake. Hakuna kumuuliza mwenzako “nanyi je?” Mwenyekiti hukata swali hilo katikati, bila kungoja limalizike, na hili huelezwa mwanzoni ili lisionekane kama utovu wa adabu kwa mkubwa. Simu za kurekodi huwekwa mezani zikiwa zimezimwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu asili ya kijamii na habari za familia kuwa data nyeti, kwa hiyo anayetaka kurekodi hupata ruhusa ya maandishi ya msemaji, ikionyesha rekodi itatunzwa na nani na itafutwa lini.

Mada iligawanywa. Hati za uhuru za Rabai zilipata kikao chao: ziliandikwa nini, na zilimfaa nini aliyezibeba? Kengele ya Frere Town, ambayo bado imesimama Kengeleni, Kisauni, ilipata matembezi badala ya kikao, kwa swali la iliwekwa kumwonya nani dhidi ya nani. Pango la Shimoni lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa husimuliwa kwa namna tofauti: pahali pa kufungia watumwa, kimbilio la wenyeji wakati wa mashambulizi, mahali pa matambiko. Kikundi kilikataa mada iliyotaka kuamua simulizi gani ndiyo ya kweli. Kilikubali iliyouliza kila simulizi inasimuliwa na nani, tangu lini, na inategemea nini.

Novemba 2024: mada bila mwenyewe

Pendekezo zuri lilifika kuhusu Waboni wa Lamu, na jinsi marufuku ya uwindaji ya 1977 ilivyobadili maisha yao. Mistari mitano ya fomu ilijazwa vizuri. Mstari wa nne ulikuwa na majina ya watu waliosoma habari zao, bila Mboni hata mmoja. Liliahirishwa. Kanuni: bila msemaji wa jamii husika, mada haiingii, hata kama vitabu vipo. Jamii hizi zimezoea kuelezwa na wengine wakiwa hawapo. Kikundi cha historia ya jamii ndogo hakiwezi kuanza kwa kurudia hilo. Nauli ya msemaji mmoja kutoka Lamu, kulala na kurudi, imewekwa kwenye bajeti ya mwaka unaofuata.

Kanuni hii ilifichua jambo jingine. Wapemba walikuwa wachache mno kwenye vikao vya Wapemba wenyewe. Sababu ilikuwa kalenda. Kaskazi ikishaanza na bahari kutulia, mvuvi hakai nchi kavu Jumamosi ili azungumzie historia. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, kwa kuwa mwanga wa taa hauvuti samaki usiku wa mbalamwezi. Tangu hapo vikao vyenye wavuvi hupangwa kwa mwezi, kwenye siku zinazozunguka tarehe 14 ya mwezi mwandamo, alasiri. Katibu hana haja ya programu yoyote. Imamu wa msikiti wa kijiji anajua tarehe.

Wanawake nao walikuwa wakija na kunyamaza. Walipokutana peke yao kujaza fomu, mada zilizotoka hazikufanana na zile za wanaume hata kidogo. Moja imeshapita katika upangaji wote tangu ilipoletwa: watoto waliozaliwa nyumbani mikononi mwa wakunga waliandikishwa wapi, na asiyeandikishwa alikwama wapi baadaye? Ndani yake mna mkunga, chifu, cheti cha kuzaliwa, shule na kitambulisho, kwa vizazi vitatu, na kila jamii ina la kusema. Ni mada moja inayobeba mradi wote.

Februari 2025: watu na mafaili yao

Mwanzoni mwa mwezi Rais alitangaza, akiwa Wajir, kuondolewa kwa utaratibu wa kuwapiga msasa wakazi wa kaunti za mpakani wanapoomba vitambulisho. Kikao kilichofuata kilijaa watu waliobeba mafaili. Mada ilikuwa kipande cha enzi ya ukoloni, jinsi wanaume Waafrika walivyolazimishwa kukibeba kuanzia 1920, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Mada ilifaa sana, lakini hakuna aliyekuja kwa ajili yake. Walitaka kujua waanzie ofisi gani kesho yake.

Kuwafukuza kungekuwa ukatili. Kuacha kikao kigeuke ofisi kungemaliza mjadala, na kungerudisha lile tatizo la Machi 2024, masimulizi yanayoelekezwa kwa afisa. Sasa kuna siku mbili zisizochanganywa. Siku ya historia haina mafaili. Siku ya makaratasi, wiki moja baadaye na mahali tofauti, huja msaidizi wa sheria, na hakuna anayeulizwa asimulie chochote zaidi ya kinachohitajika kwenye fomu ya serikali. Umbali wa mahali ni muhimu. Siku hizo mbili zilipofanyika chini ya paa moja, watu waliendelea kuamini kwamba anayesimulia vizuri atasaidiwa kwanza.

Mada ya kipande ilipewa kikao kingine, ikakaa vizuri pamoja na ile ya wakunga.

Mei 2025: gharama, na mada zilizoko mezani

Kikao cha mwanzo cha watu 40 kiligharimu shilingi 9,300: turubali 2,500, viti vya kukodi 600, kipaza sauti 1,500, chai na mahamri 2,000, nauli za wazee sita kwa 400 kila mmoja 2,400, fotokopi 300. Kikao cha sasa ni cha watu 25 ndani ya darasa la shule au madrasa, bila turubali, bila viti vya kukodi, bila kipaza sauti: chai 1,250, nauli 2,400, fotokopi 300, jumla 3,950. Kipaza sauti kiliondolewa kwa sababu ya mjadala kuliko ya fedha. Anayekishika hutoa hotuba, na anayekikosa hunyamaza. Nauli ya wazee haipunguzwi. Ikipunguzwa, mada zitaamuliwa na wanaokaa karibu na barabara ya lami. Kutoka Kwale kwenda Kilifi kivuko cha Likoni ni bure kwa anayetembea kwa miguu, kwa hiyo mzee hulipiwa matatu pande zote mbili, na kijana wa kumshika mkono kivukoni.

Zilizokubaliwa na ziko kwenye kalenda: njia za wakata mkonge, 1930 hadi 1960, dago za Shimoni na Vanga na mgawanyo wa maji ya kuvulia, madai ya ardhi ya 1908 kwa vijiji viwili vya Kwale, wakunga na uandikishaji, siku za mwisho za kiwanda cha Ramisi na walikokwenda wafanyakazi wake, na kikao kimoja cha kulinganisha, ambapo Mshona kutoka Kiambu ataeleza jinsi jamii yake, iliyofika Kenya kama wahubiri kutoka Rhodesia ya Kusini, ilivyoishi hadi kupewa uraia mwaka 2021.

Iliyoahirishwa ni ya Waboni, hadi msemaji apatikane. Iliyorudishwa kurekebishwa ni ya Wabajuni waliohama wakati wa vita vya Shifta (vya kutaka kujitenga kaskazini mashariki mwa Kenya), miaka ya 1963 hadi 1967, kwa sababu mstari wa sita uliachwa wazi na baadhi ya vijiji vilivyotajwa vina madai ya ardhi yasiyoamuliwa. Wapendekezaji wameombwa wachague swali kuhusu safari na mapokezi, watenge majina ya vijiji vyenye kesi, na walete fomu mpya kabla ya mwezi mpevu ujao.